Kutoka Jumuiya si amri ya mtu mmoja

KABEZI, Burundi. Barabara Kuu Namba 3 hutoka Bujumbura ikielekea kusini, ziwa upande wa kulia, milima upande wa kushoto. Inapopita Kabezi hubeba kila kitu: ndagala waliokaushwa juani, mukeke waliovuliwa usiku kwa taa, madumu ya mawese kutoka Rumonge, teksi za Probox zilizojaa watu hadi mlangoni. Anayeendelea nayo hufika Nyanza-Lac, kisha mpaka wa Mugina, na ng'ambo ya pili ni Manyovu, mkoani Kigoma.

Wachuuzi na wavuvi wa mwambao huu hawayaiti maisha yao mtangamano wa kikanda. Kwao ni soko, ni njia, ni ndugu walio upande wa pili wa maji. Lakini sehemu kubwa ya shughuli hiyo inasimama juu ya karatasi: Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ambao Burundi ilijiunga nao rasmi tarehe 1 Julai 2007.

Karatasi iliyosainiwa inaweza kukataliwa pia. Je, serikali ikiamka siku moja na kusema basi, imechoka na Jumuiya, nani ana haki ya kulitamka neno hilo la mwisho? Rais peke yake? Bunge? Mahakama? Au wananchi wenyewe?

Miaka ya karibuni imelifanya swali hilo kuwa la kweli. Januari 2024 serikali za kijeshi za Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa katika jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, na mwaka mmoja baadaye zikawa nje. Juni 2025 Rwanda ilitangaza kujiondoa katika jumuiya ya Afrika ya Kati, ECCAS. Na Burundi yenyewe inajua kutoka kulivyo, kwani Oktoba 2017 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuondoka katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC.

Kufuli tatu za Ibara ya 145

Mkataba wa Jumuiya haukuliacha jambo hili hewani. Ibara ya 145 inaruhusu nchi mwanachama kujitoa, lakini inaweka masharti, na masharti hayo yanashikana.

La kwanza ni kura. Bunge la Taifa la nchi husika lazima lipitishe azimio linaloungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Neno "wote" lina uzito. Theluthi mbili ya waliohudhuria siku hiyo haitoshi, maana anayekaa nyumbani naye anahesabiwa. Kwa Bunge la Burundi lenye viti 111, hesabu hiyo ni wabunge 74.

La pili ni muda. Nchi lazima impe Katibu Mkuu wa Jumuiya, pale Arusha, notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili. Kabla miezi hiyo haijaisha, nchi inaweza kuifuta notisi yake na mambo yakaendelea kama kawaida. Katika kipindi chote hicho inabaki mwanachama mwenye wajibu wote wa uanachama.

La tatu ni deni. Hata baada ya kutoka, nchi hubaki na wajibu wa kutimiza ahadi za muda mrefu ilizozibeba ilipokuwa ndani. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na walioandika Mkataba waliona hivyo hivyo.

Hakuna nchi iliyowahi kuitumia Ibara ya 145, kwa hiyo hakuna hukumu iliyokwisha kuifafanua. Hata hivyo maneno yake hayana fumbo. Sharti la kura na sharti la notisi yameunganishwa kwa "na", wala si kwa "au". Barua ya Rais iliyofika Arusha bila azimio la Bunge ingekuwa barua yenye mguu mmoja.

Kwa nini masharti hayo? Mkataba wenyewe, katika Ibara ya 7, unasema Jumuiya ni ushirikiano unaomweka mwananchi katikati. Haki ya mfanyabiashara wa Rumonge kupeleka bidhaa Kigoma ilitoka kwenye makubaliano yaliyoridhiwa kwa niaba yake. Kama haki hiyo ingeweza kufutwa kwa sahihi moja usiku, isingekuwa haki. Ingekuwa ruhusa tu, na ruhusa hutegemea hali ya moyo wa mwenye kuitoa.

Nchi tatu, mwezi mmoja

Ili kuona jinsi sheria za kutoka zinavyofanya kazi, inatosha kurudi Oktoba 2016. Katika mwezi huo mmoja serikali tatu za Afrika zilitangaza kujitoa ICC: Burundi, Afrika Kusini na Gambia. Mkataba wa Roma unadai notisi ya mwaka mmoja kwa Umoja wa Mataifa, na haugusi kabisa utaratibu wa ndani ya nchi. Nchi tatu zilianza safari moja, na kila moja ikafika kwake.

Afrika Kusini ilikwenda kwa njia ya baraza la mawaziri. Waziri alisaini notisi tarehe 19 Oktoba 2016 bila kupitia bungeni. Chama cha upinzani cha Democratic Alliance kilikwenda mahakamani. Tarehe 22 Februari 2017 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba notisi hiyo ilivunja katiba na haikuwa na nguvu. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: katiba ya nchi hiyo inadai Bunge liidhinishe mkataba ndipo nchi ifungwe nao, basi serikali haiwezi kuifungua nchi bila idhini ya Bunge hilo hilo, na idhini hiyo lazima itangulie. Tarehe 7 Machi 2017 Afrika Kusini iliiondoa notisi yake.

Gambia iliokolewa na kalenda. Notisi ya serikali ya Yahya Jammeh ilipokewa Umoja wa Mataifa tarehe 10 Novemba 2016. Wiki tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Jammeh alishindwa uchaguzi na Adama Barrow. Februari 2017 serikali mpya ikaifuta notisi kabla haijaiva. Laiti kutoka kungekuwa kwa papo hapo, wapiga kura wa Gambia wangekuta jambo limekwisha kuamuliwa.

Burundi ilifuata njia ya sheria. Tarehe 12 Oktoba 2016 Bunge la Taifa lilipiga kura: wabunge 94 kati ya 110 waliunga mkono, wawili walikataa, 14 hawakuegemea upande wowote. Seneti nayo ikaidhinisha. Rais Pierre Nkurunziza alisaini sheria hiyo tarehe 18 Oktoba, na notisi ikapokewa Umoja wa Mataifa tarehe 27 Oktoba. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Oktoba 2017, Burundi ikawa nje.

Wanaolipima jambo hilo kwa siasa watabishana hadi kesho. Serikali ilisema mahakama hiyo inazionea nchi za Afrika. Waliopinga walisema walioumizwa katika ghasia za mwaka 2015 wananyimwa kimbilio lao. Kwa jicho la sheria ya katiba, lakini, kuna jambo moja ambalo pande zote zinaweza kulikubali: Burundi haikutoka kwa amri ya Rais peke yake. Ilitunga sheria.

Hilo si dogo. Katiba ya Burundi inasema mikataba ya amani, ya biashara, ya kujiunga na mashirika ya kimataifa, na inayobebesha hazina ya taifa gharama, haiwezi kuridhiwa ila kwa sheria. Wanasheria waliosoma katika mapokeo ya Ufaransa na Ubelgiji, ambayo ndiyo msingi wa sheria za Burundi, hufundishwa kanuni moja tangu mwanzo: kilichofungwa kwa utaratibu fulani hufunguliwa kwa utaratibu ule ule. Nchi ikiingia kwa sheria, hutoka kwa sheria. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilikwenda kwa njia hiyo, na serikali yoyote itakayokuja baadaye itapata tabu kueleza kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayogusa tumbo la kila mwananchi, ipewe heshima ndogo kuliko ile.

Somo kutoka London

Hoja hiyo hiyo ilipiganiwa Uingereza wakati huo huo. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni na asilimia 52 wakachagua kuondoka Umoja wa Ulaya. Serikali ikasema kura hiyo imetosha, nayo itapeleka notisi kwa mamlaka ya kale ya Taji, ambayo mawaziri huyatumia katika mambo ya nje bila kuomba ruhusa bungeni.

Walioipinga mahakamani hawakuwa wakubwa wa siasa. Aliyejulikana zaidi, Gina Miller, alikuwa meneja wa uwekezaji, na mwenzake katika kesi alikuwa msusi wa nywele. Tarehe 24 Januari 2017 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanane dhidi ya watatu, iliamua kwamba serikali haiwezi kupeleka notisi bila sheria ya Bunge. Sababu: Bunge lilikuwa limeiingiza sheria ya Ulaya nchini kwa sheria ya mwaka 1972, na kutoka kungefuta haki ambazo wananchi walikuwa nazo ndani ya nchi yao. Mawaziri wana uwezo wa kufanya mikataba na kuivunja, ila hawana uwezo wa kufuta haki za watu kwa njia hiyo.

Bunge lilipitisha sheria, na notisi ikapelekwa tarehe 29 Machi 2017. Matokeo hayakubadilika: Uingereza iliondoka. Kilichobadilika ni nani aliyeamua, na kwamba hoja zilitajwa hadharani kabla ya kuamua.

Kenya inaonyesha upande wa pili wa sarafu. Septemba 2013 Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha hoja ya kuitaka serikali ijitoe ICC, na Seneti ikafuata. Serikali haikupeleka notisi, na Kenya imebaki mwanachama hadi leo. Bunge peke yake halikutosha, kama ambavyo serikali peke yake haikutosha Pretoria. Kutoka kwa haki kunahitaji mikono miwili.

Theluthi mbili, lakini za nani?

Hapa ndipo msomaji wa Kabezi ana haki ya kutilia shaka kufuli la kwanza. Kura ya theluthi mbili ni kinga pale ambapo kuna theluthi ya tatu. Katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025, chama tawala cha CNDD-FDD kilitangazwa kushinda viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Katika Bunge la namna hiyo wabunge 74 hawatafutwi. Wapo tayari, na swali pekee ni kama wataitwa.

Burundi si ya pekee katika hilo. Yapo mabunge mengine katika Jumuiya ambayo chama kimoja kina viti vya kutosha kufikisha theluthi mbili bila kumwomba mtu. Walioandika Ibara ya 145 walipima ukubwa wa kura. Hawakuweza kupima uhuru wa anayeipiga.

Kuna pia suala la mwendo. Kutoka kura ya wabunge hadi notisi kupokewa Umoja wa Mataifa, safari ya Burundi mwaka 2016 ilichukua siku 15. Kila hatua ilikuwepo kwenye karatasi. Mvuvi aliyeingia ziwani mwezi ukiwa mwembamba angeweza kurudi nchi kavu na kusikia redioni kwamba jambo limekwisha.

Ibara ya 145 haisemi Bunge lijadili kwa siku ngapi, wala haidai mkutano wa hadhara, tafsiri ya hoja kwa Kirundi na Kiswahili, au maoni ya vyama vya wafanyabiashara na wavuvi. Mapengo hayo si kazi ya Arusha kuyaziba. Ni kazi ya sheria za ndani za kila nchi: sheria ya mikataba inayodai hoja ya kutoka ichapishwe mapema, ipite kwenye kamati, na ifuatane na maelezo ya gharama yake. Nchi inayoona shida kuandika sheria kama hiyo wakati wa utulivu haitaiandika wakati wa hasira.

Nguvu ya miezi kumi na miwili

Kwa sababu hiyo, kufuli lililo na nguvu zaidi huenda ni lile linaloonekana dogo, yaani muda. Wabunge wanaweza kukusanywa kwa siku moja, lakini hakuna anayeweza kuufanya mwaka uishe kwa wiki mbili.

Mwaka una msimu wa mvua na wa kiangazi. Una bajeti. Pengine una uchaguzi, kama Gambia. Ndani yake bei hupanda au hushuka, jirani aliyekasirikiwa anaweza kubadilika, na wale ambao hawakuulizwa mwanzoni hupata nafasi ya kusema. Haki ya kufuta notisi inaifanya hatua ya kwanza isiwe ya mwisho. Kwa Uingereza suala la kufuta lilibidi liende hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyoamua Desemba 2018 kwamba nchi inaweza kuifuta notisi yake yenyewe. Mkataba wa Arusha uliliandika jambo hilo waziwazi tangu 1999.

Nchi za Sahel zilitangaza Januari 2024 kwamba zinatoka mara moja. Mkataba wa ECOWAS nao unataka notisi ya mwaka, na ECOWAS ilitambua kuondoka kwao tarehe 29 Januari 2025, mwaka ulipotimia. Hata wanajeshi walioshika dola bila kura walijikuta wakihesabiwa kwa kalenda ya mkataba.

Na deni halifutwi na kuondoka. Katika suala la ICC, majaji waliruhusu uchunguzi kuhusu Burundi tarehe 25 Oktoba 2017, siku mbili kabla ya kutoka kukamilika, na uchunguzi huo unahusu makosa yanayodaiwa kutendeka kati ya 26 Aprili 2015 na 26 Oktoba 2017. Kutoka kulifunga kipindi kilichofuata. Hakukurudi nyuma kufuta kilichotangulia.

Mwambao ungepoteza nini

Tuseme basi siku moja kufuli zote tatu zimefunguliwa kihalali. Kabezi na Rumonge zingeamka wapi?

Burundi ingebaki katika COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Watu hutaja jambo hilo kama faraja. Lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo kwa mwambao huu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo soko la kikanda linaloiunganisha Burundi na Kigoma na, kupitia Kigoma, na bandari ya Dar es Salaam inakopita sehemu kubwa ya bidhaa za nchi. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ingebaki jirani ndani ya COMESA. Kigoma isingebaki. Eneo Huru la Biashara la Afrika lipo, ila ushuru wake hupunguzwa pole pole, mwaka hadi mwaka.

Hasara ya kwanza ingemgusa mdogo kabla ya mkubwa. Ndani ya Jumuiya, mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa katika nchi wanachama, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili bila kulipa ushuru wa forodha. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya akina mama wa vikapu na vijana wa baiskeli, ambao hawana wakala wa forodha wala ofisi. Nje ya Jumuiya, bidhaa ya Burundi ingefika Manyovu kama bidhaa ya ugeni, na ushuru wa pamoja wa nchi wanachama kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25 au 35.

Kisha kuna barabara yenyewe. Kusini mwa Kabezi, kipande cha Gitaza hadi Rumonge chenye kilomita 45 kilifadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika katika mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 upande wa Tanzania. Vipande viwili vya lami katika nchi mbili vilipangwa kama njia moja. Kutoka Jumuiya hakung'oi lami, wala hakufuti mkopo. Kungebadilisha tu idadi ya malori yanayopata sababu ya kupita.

Ziwa nalo lingebaki na sheria yake. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, una mamlaka yake yenye makao Bujumbura, nao hautegemei Jumuiya. Samaki wangeendelea kuwa wa nchi nne. Soko lao ndilo lingegawanyika.

Mlango wa uani

Hata hivyo historia ya Afrika Mashariki ina onyo kubwa kuliko Ibara ya 145. Jumuiya ya kwanza, iliyoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1967 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilikufa bila mtu kupita mlango wa mbele. Baada ya Idi Amin kuchukua Uganda mwaka 1971, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na mamlaka ya marais watatu hayakukutana tena. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, Kenya ikaanzisha la kwake, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya haikuwa na bajeti. Mgawanyo wa mali na madeni ulichukua hadi tarehe 14 Mei 1984 kusainiwa.

Hiyo ndiyo njia ambayo sheria ya kutoka haiilindi: kutoka bila kutoka. Kiti kinaachwa wazi, mchango haulipwi, mpaka unafungwa. Tarehe 30 Novemba 2018 mkutano wa wakuu wa nchi ulioitishwa Arusha uliahirishwa kwa sababu Burundi haikufika, na akidi haikutimia. Michango ya wanachama kadhaa, Burundi na Sudan Kusini wakiwemo, imekuwa ikichelewa mara kwa mara, ingawa Ibara ya 146 inaruhusu kumsimamisha mwanachama asiyetimiza ahadi zake za fedha kwa miezi 18. Na tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, madai ambayo Rwanda iliyakanusha.

Linganisha mambo hayo mawili. Kutoka Jumuiya kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote na mwaka mzima wa kungoja. Kufunga mpaka kulihitaji tangazo la siku moja. Kwa anayeuza mukeke sokoni, la pili ndilo linaloshika mfuko wake mara moja. Usalama wa nchi ni wajibu wa serikali, na hakuna mkataba unaoitaka nchi ilale milango wazi ikiona hatari. Lakini hatua ya dharura isiyo na tarehe ya mwisho, isiyopitiwa tena na Bunge, mwishowe huwa sera. Nchi inaweza kujikuta nusu nje bila mbunge hata mmoja kunyanyua mkono.

Mwananchi ana nini mkononi

Ana Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 ya Mkataba inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kuishtaki serikali yake kwa kitendo, uamuzi au sheria inayovunja Mkataba, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mahakama hiyo ina masjala ndogo Bujumbura, kwa hiyo mkazi wa Kabezi halazimiki kupanda basi hadi Arusha ili kufungua shauri. Sharti gumu ni muda: miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu alipokijua. Anayengoja kuona mambo yatakavyokwenda huenda akakuta mlango umefungwa.

Njia hiyo imekwisha kutumika. Mei 2015, katika shauri la chama cha waandishi wa habari wa Burundi, Mahakama iliona kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya habari ya nchi hiyo vilivunja misingi ya Mkataba. Na mwaka 2008, katika shauri la chama cha wanasheria wa Afrika Mashariki, ilisema kwamba marekebisho ya Mkataba yaliyofanywa haraka mwishoni mwa 2006 bila kuwashirikisha wananchi yalikuwa ukiukaji, ingawa haikuyabatilisha. Kama kubadilisha vifungu vichache kulihitaji wananchi washirikishwe, ni vigumu kuona mtu atatetea vipi kwamba kuwaondoa wote katika Jumuiya hakuhitaji.

Hukumu haimlazimishi waziri kwa bunduki. Inampa mwananchi karatasi yenye uzito, inayompa mbunge wake sababu ya kuuliza na magavana wa benki, wafadhili na majirani sababu ya kusikiliza. Pretoria na London kilitosha.

Kwa hiyo siku tangazo la kutoka litakaposikika redioni, kama litasikika, mtu wa mwambao anaweza kuuliza maswali manne mafupi. Wabunge 74 walipiga kura tarehe ngapi, na majina yao yako wapi? Barua ilipokewa lini Arusha, ili miezi kumi na miwili ihesabiwe kuanzia siku ipi? Madeni na ahadi za barabara nani atazibeba? Na mpaka uliofungwa kwa dharura, dharura yake inaisha lini? Serikali yenye majibu manne inaondoka kihalali, na wananchi watajua kilichoamuliwa kwa jina lao. Serikali isiyo na majibu bado imo ndani ya Jumuiya, hata kama imesema imetoka.